Viashiria vya Damu Chumba cha Mahututi: Tuviulize Swali Vinaloliweza

Msikilizaji, mgonjwa aliyelala chumba cha mahututi hawezi kukueleza anavyojisikia. Ana mpira kooni, mashine inampumulia, na dawa ya usingizi inapita mshipani. Joto likimpanda usiku wa manane, daktari wa zamu na muuguzi wake wanabaki na swali lenye uzito wa roho ya mtu: je, bakteria wameingia kwenye damu, au mwili unawaka kwa sababu nyingine, kama upasuaji wa juzi, damu aliyoongezewa, moto uliomuunguza au majeraha ya ajali? Kukosea upande mmoja ni kifo. Utafiti mkubwa uitwao EUROBACT-2 ulifuatilia wagonjwa 2,600 wa vyumba vya mahututi katika nchi 52, watu waliopata maambukizi ya damu wakiwa tayari wamelazwa, na asilimia 37 kati yao walifariki ndani ya siku 28. Kukosea upande wa pili nako kuna gharama zake: antibayotiki kali kwa mtu asiyezihitaji, figo zinazoumia, kuhara kunakoletwa na dawa zenyewe, na vimelea sugu vinavyobaki wodini kumngoja mgonjwa anayefuata.

Ndiyo maana kwa miaka mingi madaktari wametafuta namba moja ya damu itakayojibu swali hilo kwa muda wa saa moja tu. Watengenezaji wa mashine wanainadi, makongamano ya wataalamu yanaijadili, na maabara za hospitali kubwa za Nairobi na Dar es Salaam siku hizi zinaipima. Hoja ninayotaka kuitetea leo ni hii: viashiria vya damu vina thamani, lakini si kwa kazi tuliyotamani vifanye. Havijui vizuri kutuambia nani ana bakteria damuni na nani hana. Wanachokijua zaidi wale waliovichunguza kwa makini ni kwamba vinaweza kutuambia lini dawa imetosha. Hospitali itakayovitumia kwa kazi ya kwanza peke yake itaumiza wagonjwa, na itakayovitumia kwa kazi ya pili itawasaidia, ilimradi haijavikalisha kwenye kiti cha kipimo cha zamani ambacho mpaka leo hatujakipa haki yake, yaani kuotesha damu maabara ili kuona kama kuna bakteria watakaoota.

Tuanze na viashiria vyenyewe. Mkongwe wao anajulikana kwa herufi tatu, CRP. Ni protini iliyogunduliwa mwaka 1930 na William Tillett na Thomas Francis katika Taasisi ya Rockefeller, New York, ndani ya damu ya wagonjwa wa nimonia. Ini huitengeneza kwa wingi kila mwili unapojeruhiwa au kushambuliwa, na haichagui adui. Tena inachelewa: huanza kupanda baada ya saa 6 hadi 12, na hufika kileleni karibu siku ya pili. Mgeni kati yao ni prokalsitonini. Kwa mtu mwenye afya, kiasi kidogo mno cha prokalsitonini hutengenezwa kwenye tezi ya shingo, kama malighafi ya homoni inayohusika na madini ya kalsiamu. Mwaka 1993 watafiti wa Ufaransa walieleza katika jarida la Lancet kwamba watoto wenye maambukizi makali ya bakteria walikuwa nayo kwa wingi usio wa kawaida. Baadaye ikafahamika kwamba bakteria wakishambulia, viungo vingi, kuanzia ini na mapafu hadi mafuta ya mwili, hujiunga kuimwaga damuni bila kuisubiri tezi. Hupanda ndani ya saa chache, na shambulio likizimwa hushuka kwa takriban nusu kila siku. Virusi kwa kawaida havipandishi kiwango chake sana, kwa sababu kemikali ambazo mwili huzitoa kupambana na virusi huizuia. Kasi hiyo na uwezo huo wa kutofautisha bakteria na virusi ndivyo vilivyoipa umaarufu.

Lakini dalili ya mvua ni mawingu, na si kila wingu hushusha mvua. Prokalsitonini hupanda baada ya upasuaji mkubwa, baada ya ajali mbaya, baada ya kuungua moto, na baada ya moyo kusimama ukazinduliwa. Kwa mtu ambaye figo zake zimeshindwa, huweza kubaki juu hata bila maambukizi. Sasa tazama orodha hiyo: hao ndio hasa wanaolazwa chumba cha mahututi. Na kuna wanaopita upande wa pili bila kuonekana. Fangasi waliomo damuni, au bakteria wa ngozi waliojipenyeza kupitia mpira wa mshipani, wanaweza wasiipandishe namba kiasi cha kumshtua mtu, ilhali bakteria wa tumboni kama E. coli huipandisha sana. Kwa hiyo namba inapokuwa chini haimaanishi kwamba damu ni safi, na inapokuwa juu haimaanishi kwamba imechafuka.

Tuiweke hoja hiyo kwenye hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti 58 zenye wagonjwa zaidi ya 16,000 waliodhaniwa kuwa na maambukizi. Karibu mmoja kati ya watano kweli alikuwa na bakteria damuni. Prokalsitonini, kwa mpaka uliozoeleka wa nanogramu 0.5 kwa mililita, iliwakamata asilimia 76 ya wenye bakteria na kuwaachia asilimia 69 ya wasio nao. Zikisomwa haraka, asilimia hizo zinaonekana nzuri. Sasa chukua wagonjwa 100. Ishirini wana bakteria damuni: kipimo kitawaona 15 na kuwakosa watano. Themanini hawana: kipimo kitawaachia 55 na kuwashuku bure 25. Maana yake, daktari akiletewa majibu 40 yaliyo juu ya mpaka, ya kweli ni 15 tu. Na akiletewa majibu 60 yaliyo chini, ndani yake wamefichwa watu watano wenye bakteria damuni. Nani kati yetu angekubali ndugu yake awe mmoja wa hao watano, anyimwe dawa kwa sababu mashine imesema namba ni ndogo? Kwenye septiki shoki, yaani pale maambukizi yanapoangusha presha ya damu, utafiti wa mwaka 2006 wa Kanada na Marekani ulionyesha kwamba kila saa ya kuchelewa kwa antibayotiki inayofaa, katika saa sita za mwanzo, iliendana na kupungua kwa nafasi ya kupona kwa wastani wa asilimia 7.6. Mgonjwa wa namna hiyo hangojei namba. Anachukuliwa damu ya kuotesha na kuwekewa dawa papo hapo.

Kuna atakayesema: basi tukiona namba imepanda, tuongeze dawa, maana kuzidisha ni afadhali kuliko kupunguza. Wadenmark walilijaribu wazo hilo kwa dhati. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2011, wagonjwa mahututi 1,200 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja walipimwa prokalsitonini kila siku, na ilipopanda madaktari waliongeza nguvu ya antibayotiki na kutafuta chanzo cha maambukizi. Kundi la pili walitibiwa kwa utaratibu wa kawaida. Vifo vilikuwa karibu sawa: asilimia 31.5 kwa walioongozwa na namba, asilimia 32 kwa wengine. Lakini walioongozwa na namba walikaa chumba cha mahututi kwa muda mrefu zaidi, walitegemea zaidi mashine za kupumulia, na figo zao zilidhoofika zaidi. Somo hilo lilikuwa ghali na linastahili kukumbukwa kila muuzaji wa mashine anapofungua begi lake. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2021 ya kutibu sepsisi, yaani maambukizi yaliyozidi hadi kuumiza viungo vya mwili, nayo imelisema wazi: uamuzi wa kuanza antibayotiki uegemee uchunguzi wa daktari, wala prokalsitonini isiongezwe kuwa kigezo.

Sasa tugeuze swali. Mgonjwa ameshaanza dawa na siku zinakwenda. Siku ya tano joto limetulia, presha imekaa sawa, lakini bado yuko kwenye mashine. Daktari aendelee mpaka siku ya saba, ya kumi, ya kumi na nne? Desturi inasema endelea, kwa sababu hakuna anayelaumiwa kwa kuendelea. Hapa ndipo kiashiria kinapopata kazi inayokifaa, kwa kuwa hatukiulizi tena kama adui yupo. Tunakiuliza kama moto uliokuwa ukiwaka unapungua, na tunamlinganisha mgonjwa na nafsi yake mwenyewe. Chukua mfano wa mtu aliyeanza na nanogramu 20. Kesho yake 11, keshokutwa 6, siku inayofuata 3. Imeshuka kwa zaidi ya asilimia 80 kutoka kilele chake. Mwili wake, pamoja na uchunguzi wa daktari kitandani, unasema shambulio limezimwa. Figo zake mbovu zinaweza kuwa ziliisukuma namba juu tangu mwanzo, upasuaji unaweza kuwa uliiongeza, lakini mwelekeo wa kushuka bado unaeleweka. Mwenzake aliyeanza na 20, akawa 18, kisha 21, hajaambiwa kwamba anahitaji dawa kali zaidi. Ameambiwa kwamba kuna jambo halijapatikana: pengine usaha umejificha tumboni, pengine mpira wa mshipani ndio chanzo na unatakiwa kutolewa, pengine dawa haiendani na kimelea. Namba hiyo inamrudisha daktari kitandani, na hapo ndipo inapomfaa mgonjwa.

Ushahidi wa kazi hii ya pili umejengwa hatua kwa hatua. Ufaransa, mwaka 2010, jaribio la PRORATA lenye wagonjwa zaidi ya 600 wa mahututi lilionyesha kwamba waliofuata prokalsitonini walipata wastani wa siku 14.3 bila antibayotiki ndani ya mwezi, dhidi ya siku 11.6 kwa wenzao, na vifo havikuzidi kwa kiwango kilichowatia shaka watafiti. Uholanzi, mwaka 2016, wagonjwa zaidi ya 1,500 katika hospitali 15: dawa zilitumika siku 5 badala ya 7, na vifo ndani ya siku 28 vilikuwa asilimia 20 dhidi ya 25. Siwezi kukubali kirahisi kwamba kipimo chenyewe ndicho kilichookoa hao asilimia tano, lakini hofu kwamba kusimamisha dawa mapema kunaua ilipata jibu lake hapo. Kisha Uingereza wakafanya jaribio la ADAPT-Sepsis, lenye wagonjwa 2,760 katika vyumba vya mahututi 41, wakailinganisha prokalsitonini na CRP na huduma ya kawaida. Prokalsitonini ilipunguza muda wa dawa kwa karibu siku moja bila kuongeza vifo. CRP haikupunguza muda huo. Siku moja inaonekana ndogo, na mtu ana haki ya kuuliza kama inastahili fedha zote hizo. Lakini chumba cha mahututi ndipo dawa kali kuliko zote zinapotumika, kila kitanda, kila siku ya mwaka. Siku moja kwa kila mgonjwa ni shehena kubwa ya dawa ambazo vimelea hawatapata nafasi ya kuzizoea.

Usugu huo kwetu si jambo la kusoma magazetini. Katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, watafiti waliofuatilia watoto wenye maambukizi ya damu walichapisha mwaka 2007 kwamba asilimia 43.5 ya watoto waliokuwa na bakteria wa kundi la gramu hasi damuni walifariki, zaidi ya mara mbili ya vifo vya watoto wenye malaria, ambavyo vilikuwa asilimia 20.2. Na kupewa dawa ambayo kimelea tayari kilikuwa sugu kwayo kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoashiria kifo. Tangu hapo dawa tulizokuwa tukizitegemea zimezidi kuchakaa. Kenya na Tanzania zote zilizindua mipango ya kitaifa ya kupambana na usugu wa vimelea mwaka 2017. Mpango ulioandikwa vizuri hauna mikono. Mikono yake ni daktari anayethubutu kuandika kwenye faili neno simamisha, na anayepewa sababu ya kuliandika.

Hata hivyo kuna pingamizi zito linalotuhusu sisi moja kwa moja, na sipendi kulipita juu juu. Majaribio yote ya viashiria niliyoyataja mpaka sasa yalifanyika Ulaya. Malaria kali ya falsiparumu huipandisha prokalsitonini na CRP hata kama hakuna bakteria. Mgonjwa wetu anaweza kuwa na malaria pamoja na salmonela damuni, au VVU na kifua kikuu kilichosambaa, hali ambazo mgonjwa wa Amsterdam au Paris hanazo mara nyingi. Tena tumeshafundishwa kwa uchungu kwamba tiba iliyofaa kwingine haivuki bahari salama kila mara. Jaribio la FEAST, lililofanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011, lilionyesha kwamba watoto wenye homa kali waliopewa maji mengi ya mshipani kwa haraka, kama vitabu vilivyoagiza, walifariki zaidi ya wale ambao hawakupewa. Lusaka, mwaka 2017, utaratibu wa kutibu sepsisi ulioigwa kutoka nchi tajiri uliendana na vifo asilimia 48 dhidi ya 33. Kwa hiyo anayesema tusichukue mpaka wa 0.5 kutoka kijitabu cha mashine na kuubandika ukutani, anasema kweli. Nami naongeza kwamba pingamizi hilo linaivunja kazi ya kwanza ya kiashiria kuliko ya pili. Malaria huharibu maana ya namba moja ya siku ya kwanza. Mfululizo wa siku nne, kwa mtu aliyepimwa malaria na kutibiwa, bado una la kusema, ijapokuwa unahitaji kujaribiwa hapa hapa kwa wagonjwa wetu kabla haujawa kanuni.

Na hapa ndipo kipimo cha zamani kinapodai nafasi yake. Kuotesha damu hakuna mashine ya kung'aa mbele ya wageni. Muuguzi ananawa, anachagua mshipa, anasugua ngozi kwa dawa na kuiacha ikauke yenyewe, kwa sababu dawa isiyokauka haijamaliza kazi. Anafuta pia kizibo cha mpira cha chupa, jambo linalosahaulika sana. Anavuta damu mililita nane hadi kumi kwa kila chupa ya mtu mzima, kisha anarudia kwenye mshipa mwingine. Wingi huo una sababu: katika damu ya mtu mzima aliyeambukizwa huenda pasiwe na bakteria hata mmoja kwa kila mililita, na sindano ya mililita tatu inaweza kurudi mikono mitupu wakati ugonjwa upo. Mishipa miwili nayo ina sababu. Bakteria wa ngozi akiota kwenye chupa za mkono mmoja tu, mara nyingi ni uchafu wa wakati wa kuchukua. Akiota kote, ni ugonjwa. Chupa hukaa kwenye joto la mwili, na vimelea vingi hujitokeza ndani ya siku moja au mbili. Mwisho wa yote, daktari anapata kile ambacho prokalsitonini haitampa kamwe: jina la kimelea na orodha ya dawa zinazokiua.

Watu watasema, na wanasema, kwamba kuotesha damu kunachelewa na mara nyingi hakuoti kitu. Ni kweli kwamba wagonjwa wengi wa sepsisi hawapatikani na kimelea kwenye damu. Lakini sehemu ya lawama ni yetu. Utafiti wa Amerika Kaskazini uliochapishwa mwaka 2019 uliotesha damu za wagonjwa wale wale kabla na baada ya dozi ya kwanza ya antibayotiki. Kabla ya dawa, asilimia 31.4 ziliota. Ndani ya saa mbili tu baada ya dawa, zilizoota zilikuwa asilimia 19.4. Sasa mfikirie mgonjwa wetu aliyemeza antibayotiki za duka la dawa siku tatu, akachomwa sindano zahanati, akapewa rufaa, na damu yake ikachukuliwa ya kuotesha siku ya pili baada ya kulazwa. Kipimo hakikushindwa hapo, kilichelewa kuitwa. Na faida ya kukitumia vizuri tunaijua kutoka pwani yetu wenyewe. Huko Kilifi, uoteshaji wa damu wa kila mtoto aliyelazwa, kati ya 1998 na 2002, ulionyesha kwamba zaidi ya robo ya vifo vya watoto hospitalini viliambatana na bakteria damuni, na theluthi ya waliokufa na bakteria hao walifariki siku ile ile waliyopokewa. Moshi nako, wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa kali walichunguzwa kwa kina. Zaidi ya asilimia 60 walikuwa wameandikiwa malaria, na waliokuwa nayo kweli walikuwa asilimia 1.6. Waliokuwa na bakteria damuni walikaribia asilimia 10. Bila chupa za kuoteshea damu, hao wangeendelea kuhesabiwa kuwa wagonjwa wa malaria.

Fedha, bila shaka, ndiyo swali la mwisho kwa mkurugenzi wa hospitali. Mashine ya prokalsitonini hudai vitendanishi kila mwezi, na kipimo cha mfululizo ni kipimo cha kulipiwa mara nne au tano kwa mgonjwa mmoja, mara nyingi kutoka mfukoni mwa familia iliyokwisha kuuza kitu. Kwa hiyo mpangilio wa manunuzi ni suala la haki. Msimamo wangu ni huu: hospitali isiyoweza kuotesha damu usiku na mchana, yenye mtaalamu wa maabara anayeondoka saa tisa alasiri na kufunga mlango mpaka Jumatatu, isinunue prokalsitonini kwanza. Inunue chupa, imlipe mtaalamu wa zamu, na ihakikishe majibu yanamfikia daktari kwa simu saa ile ile yanapopatikana. Iliyokwisha kufika hapo, na yenye chumba cha mahututi kinachotumia dawa kali kila siku, ina sababu nzuri ya kuongeza kiashiria, kwa masharti kwamba kipimwe siku ya kwanza na kurudiwa, na kwamba daktari awe tayari kusikiliza kinapomwambia aache. Kupima namba kisha kuendelea na dawa siku kumi na nne kama kawaida ni kuichoma fedha ya mgonjwa.

Wapo wanaotuambia tusubiri tu, kwamba kiashiria bora zaidi kiko njiani. Wachambuzi waliohesabu viashiria vya sepsisi vilivyoandikwa kwenye majarida walivikuta 178 mwaka 2010. Mwaka 2020 hesabu ikafika 258. Siku hizi kuna vipimo vinavyosoma jeni za chembe nyeupe, na programu za kompyuta zinazochanganya namba kadhaa pamoja. Vingine vitafaulu, na natamani vifaulu. Lakini kwa miaka yote hiyo hakuna kimoja kilichomwondolea daktari kazi ya kumtazama mgonjwa, na wingi wenyewe wa hesabu hiyo unaonyesha jinsi mwili ulivyo na njia nyingi za kupiga kelele zinazofanana kwa sababu tofauti.

Tena tusisahau kwamba mahututi wetu wengi hawalali chumba cha mahututi. Utafiti wa nchi 22 za Afrika uliochapishwa mwaka 2025 ulikuta kwamba mgonjwa mmoja kati ya wanane waliolazwa alikuwa katika hali ya kuhatarisha maisha, na wengi wao walikuwa kwenye wodi za kawaida. Huko ndiko kiashiria cha bei nafuu kinaweza kuwa na manufaa tusiyoyategemea, na Dar es Salaam imetoa mfano. Jaribio la ePOCT, lililochapishwa mwaka 2017, liliwahusu watoto zaidi ya 3,000 wenye homa waliotibiwa bila kulazwa. Lilichanganya uchunguzi wa dalili na CRP na prokalsitonini, na antibayotiki zikaandikwa kwa asilimia 11 tu ya watoto, wakati katika huduma ya kawaida zilikuwa zikiandikwa kwa asilimia 95. Watoto hawakudhurika, na walioshindwa kupona vizuri walikuwa wachache kuliko wa kundi lililolinganishwa nao. Hao hawakuwa mahututi, na singependa mtu ayahamishe matokeo yao mpaka kitanda cha mashine ya kupumulia. Nayataja kwa sababu yamepatikana hapa, kwa watoto wetu, na watafiti walioiuliza namba swali dogo iliyoliweza, pamoja na dalili na siyo badala yake.

Kwa hiyo ombi langu kwa wakuu wa hospitali za rufaa na mikoa ni kwamba kabla ya kusaini mkataba wa mashine mpya, waombe maabara iwaletee hesabu ya mwezi uliopita: wagonjwa wangapi wa mahututi walioteshwa damu kabla ya dozi ya kwanza, chupa ngapi ziliota, ngapi kati ya hizo zilikuwa uchafu wa ngozi, na majibu yalichukua saa ngapi kumfikia daktari. Na wewe ndugu wa mgonjwa, unayesubiri kwenye benchi la nje, unayo haki ya kumuuliza daktari mambo mawili kwa upole: je, damu imechukuliwa ya kuotesha kabla ya antibayotiki? Na dawa hii mtaitazama upya siku gani, ili ikitosha isimamishwe? Uliza, na ukijibiwa siku, iandike.